Kaseti ya Manchester na Katriji ya Liège

Nakiri. Miaka yote niliyokaa kwenye benchi la karakana nikiwahubiria kwamba mashine ya gemu tupu ni ya watu wasio na subira, na kwamba mtu mwenye heshima zake huchezea kompyuta, mimi mwenyewe nilikuwa na konsoli nyumbani, Apple Valley, Minnesota, chini ya kitanda, ndani ya sanduku la buti za theluji. Mume wangu alijua. Binti yangu Kemunto alijua, na siku alipoikuta alicheka mpaka akakaa sakafuni. Ninyi wenzangu wadogo ndinyi pekee mliofichwa, na kila aliyeniuliza nilimkania bila kupepesa jicho. Sasa nimestaafu, benchi si langu tena. Mwenye kucheka na acheke.

Mmeniomba niwaandikie habari za kazi. Vyeo na mishahara sitavitaja, kwa kuwa vya kwanza havikuwepo na vya pili vilikuwepo kwa mbali. Nitaandika juu ya siku za mwanzo, juu ya Mzee Arne na Papa Merveille, na juu ya majira yale ya baridi ambapo rafu zote za Mzee Arne zilikaribia kupelekwa kusagwa.

Mimi si fundi wa kusomea. Nilisomea historia Manchester, miaka ya themanini, na huko nikanunua kompyuta ya nyumbani iliyotumika, nikijiambia ni ya kuandikia insha. Insha nilizoandika humo zinahesabika kwa vidole vya mkono mmoja. Muda uliobaki niliutumia kumvusha mtu mdogo wa rangi ya bluu kwenye mapango yasiyo na mwisho. Nilipohamia Minnesota niliibeba kompyuta hiyo kama wengine wanavyobeba sufuria za harusi. Nikaichomeka ukutani. Kimya. Nikaiweka kabatini kama maiti, nikaenda kutunza wazee kama nusu ya Wakenya ninaowafahamu hapa, hadi mgongo wangu nao ulipoanza kunifia. Ndipo nikaitoa kabatini nikaipeleka karakana moja ya Richfield, karibu na uwanja wa ndege, mahali ambapo ndege zikipita bisibisi hutembea zenyewe mezani.

Mwenye karakana alikuwa mtu mrefu mwembamba, mjukuu wa Wanorwe, fundi wa televisheni aliyekuwa amekusanya kompyuta na konsoli za zamani tangu ujana wake. Jina lake Arne. Mimi nilimwita Mzee, na nilipomweleza maana yake alikubali jina hilo bila tabasamu, kama mtu anayepokea risiti.

“Ilikufa lini?” aliniuliza.

“Tangu niliposhuka Marekani.”

Akaichukua, akaigeuza, akainusa. Naam, akainusa, pua ikiwa kwenye matundu ya hewa.

“Haijafa,” akasema. “Ina njaa. Umeme wa kwao ni mara mbili ya wetu. Hapa umekuwa ukiipa nusu sahani.”

Akaiunganisha na transfoma, ikawaka. Nilikuwa nimeiomboleza miaka mingi bila kusoma maandishi yaliyo nyuma ya plagi. Nilivyosimama pale nikiitazama skrini, nadhani machozi yalionekana, maana Mzee Arne aligeuka akatafuta jambo la kufanya, na jambo alilolipata ni kunipa bisibisi. Niliingia na mashine mbovu, nikatoka na kazi.

Mambo mawili aliyonifundisha wiki ile nawaachia kama urithi. La kwanza ni kunusa. Kapasita iliyovuja hunuka kama samaki wa jana, transfoma iliyoungua hunuka kama nywele, na pua itakuonyesha ugonjwa kabla hujafungua skrubu hata moja. La pili ni kadibodi. Kabla ya kufungua mashine, chora umbo lake kwenye kipande cha kadibodi, na kila skrubu unayoitoa ichomeke pale pale ilipotoka. Kufungua kila mtu anaweza. Nimeona wanaume wenye shahada za uhandisi wakifunga mashine na kubaki na skrubu mkononi, wakizitazama kama zimeanguka kutoka mbinguni.

Papa Merveille alikuja baada yangu. Ni mtu wa Bukavu, aliyefika hapa na mkewe na watoto kupitia kambi za wakimbizi, lakini utoto wake aliupitisha Liège, Ubelgiji, kwa mjomba wake. Katika kulehemu sijaona mkono kama ule. Wengi wetu tunamwaga risasi ya kulehemu kama tunaziba bomba. Yeye aligusa mara moja tu, kama fundi cherehani anayekata uzi, na tone lilibaki liking’aa. Nilikuwa nikiacha kazi yangu ili nimtazame, nikijifanya natafuta miwani.

Kasoro yake ilikuwa moja. Alikuwa mtu wa konsoli.

Wamarekani wengi hawaujui ugomvi huu, hivyo niwaeleze. Katika nyumba za Ulaya nilizozijua mimi, gemu zilichezwa kwenye kompyuta. Mzazi aliinunua kwa ajili ya masomo ya mtoto, mtoto akashukuru kwa adabu, kisha akaweka kaseti ya gemu. Kaseti zilikuwa bei ya chini, zilinakiliwa shuleni kama nyimbo, na mtoto aliyechoka kucheza aliweza kuandika gemu yake mwenyewe. Baadaye zikaja kwa nguvu konsoli za Kijapani, zisizo na kibodi wala kaseti. Unasukuma katriji, unabonyeza swichi, unacheza. Watoto wakagawanyika kama mashabiki wa timu mbili za mji mmoja, na wengine, kama mnavyoona, hawakukua.

“Maman Kemunto,” alikuwa akiniambia, “hii machine yako iko kama ambassade ya kuomba visa. Unaleta kaseti, unangoja, unangoja, kisha inakuambia dossier haiko complet.”

“Na yako ni mtoto wa tajiri. Kila kitu ametafuniwa. Hata jina lake hajui kuandika.”

“Aandike jina kwa nini? Anacheza!”

Mzee Arne aliinamia kazi yake. Kwake zote zilikuwa mashine, na mashine yoyote iliyoletwa, hata printa mbovu, aliipokea, akaitengeneza, akaiweka rafuni. Rafu zilipanda hadi darini. Hakuuza hata moja kati ya hizo. Tulipomuuliza kwa nini, alisema mtu akija kuuliza zamani ilikuwaje, lazima kuwe na kitu cha kuwasha.

Kisha mwenye jengo akatuarifu kwamba anataka kubomoa na kutengeneza maegesho ya magari ya wasafiri. Mzee Arne hakuwa na pa kuzipeleka. Nyumba yake ilikuwa imejaa, mkewe alishasema basi. Aliuliza huku na huku, hakuna aliyezitaka, na asubuhi moja akatuambia, kwa sauti ile ile anayotumia kuagiza kahawa, kwamba ameagiza lori la kampuni ya vyuma chakavu. Litakuja mwisho wa mwezi. Kisha akarudi kusafisha kibodi ambayo mwisho wa mwezi ingesagwa, kitufe kimoja kimoja, kwa pamba na spiriti. Papa Merveille aliniangalia. Siku ile hatukutaniana.

Tumaini lilikuja kutoka mji wa Saint Paul. Jumba dogo la makumbusho lilikuwa linaandaa maonyesho juu ya michezo ya watoto duniani, na mkurugenzi wake, Bi. Joan, alitaka pembe moja iliyopangwa kama sebule ya Ulaya. Meza moja, televisheni moja, mashine moja ya kuchezwa na wageni. Jumba lilikuwa na ghala tupu chini. Bi. Joan alisema waziwazi kwamba akiona watu wanavutiwa, atawaomba wadhamini wake wauchukue mkusanyiko wote uhifadhiwe humo. Asipoona, atatushukuru na kwenda zake.

Sasa swali likawa mashine gani. Hapo ndipo mimi na Papa Merveille tulipofanya kosa ambalo, nadhani, hapana watu wengine Minnesota nzima wangelifanya.

Kompyuta yangu haikuonyesha picha nzuri kwenye televisheni za hapa, basi nikachukua rafuni mashine nyingine ya nyumbani, iliyouzwa kote kote, toleo la Kimarekani, na kuiwekea kaseti ya gemu ya Ulaya. Wimbo ukaanza. Nilikuwa nikiujua wimbo ule kuliko ninavyoijua namba yangu ya simu, na ulikuwa unakimbia kama kwaya iliyoona basi linaondoka. Nikasema mota ya kaseti ni mbovu. Nikabadilisha mkanda wa mpira, nikasafisha kichwa cha kusomea, nikabadilisha kinasa sauti chote. Wimbo ukaendelea kukimbia. Kwenye benchi la pili Papa Merveille, bingwa wa mtaa mzima wa Liège kwa maelezo yake mwenyewe, alikuwa anakufa kwenye hatua ya kwanza ya gemu yake, tena na tena, kwenye konsoli ya Kimarekani. Akaifungua, akabadilisha kapasita zote. Akafa tena.

“Umezeeka,” nilimwambia.

“Hapana! Hii machine iko mgonjwa. Inakimbia. Franchement, Maman Kemunto, ule mtu wangu hakukuwa anakimbia vile.”

Nikaweka bisibisi chini. “Umesema inakimbia?”

“Inakimbia!”

“Yangu pia inakimbia.”

Tukatazamana. Tangu tufahamiane hatukuwahi kuwa na lalamiko linalofanana. Jibu lilikuwa rahisi mno hata likatutia aibu. Televisheni ya Ulaya huchora picha hamsini kwa sekunde, ya Marekani huchora sitini, na gemu za siku zile zilihesabu muda kwa kuhesabu picha. Mashine zetu zilikuwa nzima kabisa. Tulikuwa tumetibu watu wazima wenye afya, mimi kwa mikanda na yeye kwa kapasita, kwa sababu utoto wake na ujana wangu vilipita katika nchi ambako gemu zilitembea polepole.

“Alors,” akasema taratibu, “nilikuwa bingwa wa polepole.”

Nilicheka, lakini moyoni nilimheshimu zaidi. Si kila bingwa anaweza kusema hivyo kwa sauti.

Tulihitaji mashine za Ulaya na televisheni za Ulaya. Mashine zilikuwepo rafuni. Televisheni tulizipata Eden Prairie, kwa familia ya Wadachi walioletwa na kampuni na kubeba vyombo vyao vyote, wakagundua baadaye kwamba runinga zao hazishiki kitu hapa. Walikuwa nazo mbili garajini, kubwa ya sebuleni na ndogo ya watoto. Tulienda na gari langu. Papa Merveille alikaa nyuma ameikumbatia ile kubwa, akinisihi kwenye kila kona nisi-drive kama Mkenya.

Bi. Joan aliomba kuona mashine zikiguswa na watu wasiozijua. Papa Merveille akajitolea ukumbi wa kanisa lao, Wakongomani wa Richfield, baada ya ibada ya Jumapili. Tukapanga meza mbili. Huku kompyuta yangu na kinasa, huku konsoli yake. Mzee Arne alivaa tai, jambo ambalo hatukuwahi kuliona, akasimama karibu na mlango kama mtu anayesubiri daktari atoke na majibu.

Nilianza vibaya. Kaseti ikapiga kelele zake, mistari ya rangi ikatetemeka kwenye skrini, na watoto wote wakahamia kwa Papa Merveille. Akanikonyeza. Wakabaki akina mama wa kwaya, na mmoja wao, Mama Sifa, akaja akainama.

“Inalia nini?”

“Inasoma.”

“Inasoma kwa sauti hivi? Kama mutoto wa darasa la kwanza!”

“Ngoja kidogo, itamaliza.”

“Tutangoja. Leteni viti.”

Viti vikaletwa. Chai ikaletwa na mandazi. Mmoja akasema itatokea picha ya mtu, mwingine akasema nyumba, wa tatu akasema haitatokea kitu, ni mambo ya Wakenya. Wanaume wakaja kuuliza akina mama wanatazama nini, wakapewa viti nao. Kwa miaka yote niliitetea kompyuta yangu kwa hoja za chuoni, juu ya elimu na ubunifu, na haikunipitia kichwani kwamba kule kusubiri kwenyewe kunaweza kuwa karamu. Picha ilipojitokeza, ukumbi ulipiga vigelegele kama bao limeingia.

Mama Sifa alipochoka na mapango yangu akanivuta mkono. “Tuende tucheze na ile ingine. Hii iache ipumzike.” Nikaenda kwa heshima tu. Akanipa padi moja ya kuchezea, akachukua nyingine, tukakaa bega kwa bega, na yeye ambaye hajawahi kushika kitu kile akanitupa shimoni akicheka hadi kilemba kikalegea. Nikasema mara moja tu. Nikasema tena mara moja tu. Nilikuja kuinua macho watu wameanza kufagia.

Na nilipoyainua niliona jambo jingine. Papa Merveille alikuwa kwenye meza yangu. Binti yake Merveille, mwenye umri ule wa kuelewa Kiswahili chote na kukijibu kwa Kiingereza tu, alikuwa amesimama kando yake. Baba alikuwa akiandika kwa kidole kimoja ile programu ya mistari miwili niliyomfundisha ili kumkera. Akabonyeza, na jina la mtoto likajaa skrini kutoka juu hadi chini, likishuka bila kukoma. Merveille akaacha simu yake mezani.

“Umefanyaje?” akamuuliza babake, kwa Kiswahili. “Fanya tena. Polepole.”

Akafanya tena, polepole. Nilimwona anavyoinama kumwonyesha kila kitufe, na nikajua kwamba nimeshinda ugomvi, na kwamba sina hamu nao tena.

Bi. Joan aliaga bila kusema neno la maana. Alisema ilikuwa alasiri ya kupendeza na kwamba atapiga simu. Watu wa hapa wanaweza kukuaga hivyo wakiwa wamekupenda au wamekuchukia, huwezi kutambua.

Siku ya mwisho tuliyopewa, kabla ya lori kuja kesho yake, tulikuwa karakana sote watatu. Papa Merveille alikuwa hajatulia tangu asubuhi.

“Maman Kemunto, akiuliza machine gani, umwambie kompyuta.”

“Mimi nitamwambia konsoli.”

“Mais non! Usinihurumie.”

“Nani anakuhurumia? Mama Sifa hakutaka kuinuka. Mimi sikutaka kuinuka!”

“Na mutoto wangu je? Ameandika programme jana. Yeye mwenyewe! Konsoli itamufundisha nini?”

“Papa Merveille, acha ubishi, konsoli yako ni nzuri!”

“Kompyuta yako ni nzuri zaidi!”

“Miaka yote mliyogombana,” alisema Mzee Arne kutoka kwenye benchi lake, “hamkuwahi kupiga kelele kiasi hiki.”

Simu ikalia. Mzee Arne aliangalia simu, kisha akachukua kitambaa akaanza kupangusa mita ya kupimia umeme ambayo haikuwa na vumbi. Papa Merveille aliinua mikono yote miwili kuonyesha kwamba ana risasi vidoleni. Nikapokea mimi.

Alikuwa Bi. Joan. Alianza na hali ya hewa, kama desturi, kisha akasema ana swali moja la kiufundi na tumsamehe kama ni la kijinga. Kule kanisani aliona kompyuta ikichukua muda kusoma kaseti. Je, wakati inasoma, inahitaji televisheni?

“Haihitaji,” nilisema. “Inahitaji kinasa tu.”

“Basi kwa nini wageni wasicheze konsoli kwenye televisheni hiyo hiyo, huku wakiisubiri kompyuta? Swichi moja si inatosha?”

Mabara mawili, miaka na miaka ya matusi, na mwanamke ambaye hakuwahi kucheza hata moja kati ya hizo amemaliza vita kwa swichi ya antena.

“Inatosha,” nikasema.

“Vizuri. Wadhamini wameshakubali. Nikitaka kuleta gari kuchukua mkusanyiko, nije lini?”

Nikaziba simu kwa mkono. “Wanachukua,” nikawaambia.

Papa Merveille akakaa chini. Mzee Arne hakuacha kupangusa mita.

“Ipi?” akauliza.

“Zote.”

“Rafu zote?”

“Zote, Mzee. Anauliza aje lini.”

“Hata printa?”

“Hata printa.”

Akaweka kitambaa. Akavua miwani, akaishika, akaivaa tena bila kuisafisha. Kisha akaielekea friji kuukuu iliyosimama ukutani siku zote nilizofanya kazi pale, akaisukuma kwa bega, na nyuma yake kulikuwa na mlango.

“Mwambie aje leo,” alisema, akitafuta ufunguo mfukoni. “Na mwambie alete lori kubwa. Hiki chumba hajakiona mtu.”